Viraka Vyenye Majina ya Siku

Watu wa mtaa wetu hapa Kasulu walisema binti yangu anashona viraka visivyoonekana kwa macho, na tena anashona bila ujira. Walisema hivyo dukani kwangu, wakiwa wamekalia benchi langu. Aliyeanza ni jirani yangu wa vitenge, mtu wa Tanga, swala tano na mdomo mmoja usiopumzika.

“Mzee, huyu binti anashinda kwenye mashine. Anatengeneza nini?”

“Viraka.”

“Vya nguo gani?”

“Si vya nguo. Vya programu.”

“Na wanaovivaa ni akina nani?”

“Wazungu, Wahindi, Wachina. Yeyote.”

“Wanalipa?”

“Hawalipi.”

Alicheka mpaka akashika mlango asianguke. “Basi mwambie na mimi suruali yangu imetoboka!”

Nilimfukuza. Lakini nilipobaki peke yangu niliona kwamba na mimi sijui vizuri ninachokitetea, nikamwita binti anieleze mpaka nikaelewa. Sasa nakueleza wewe kama nilivyoelewa mimi, mtu wa darasa la tatu la Kitahana, niliyebeba magunia ya maharage kwa mgongo huu mpaka nikasimamisha duka la matofali ya kuchoma. Kama hutaki kufundishwa na mbeba magunia, ishia hapa.

Mwaka 2012, kambi moja ya Warundi upande wetu ilipofungwa, kulikuwa na mnada wa vitu vya shirika lililofanya kazi pale. Wenzangu waligombania mabati na magodoro. Mimi nilichukua kompyuta na printa tatu kubwa, nzito kama mashine za kusaga. Nilifungua huduma ya kuchapa na kutoa kopi, nikakodi na fremu nyingine Kibondo, kwa mawazo kwamba siku moja printa moja itakwenda huko. Zile printa zilikuwa nzuri ila zilikuwa zimekwisha kusahauliwa na waliozitengeneza. Ukiziunganisha na kompyuta zilikaa kimya kama mtu aliyenuna.

Binti yangu alikuwa amerudi kutoka chuo Mwanza na stashahada ya kompyuta na hana kazi. Alituma barua za maombi mpaka akachoka. Yeye ndiye aliyepata programu ya kuzungumza na zile printa. Mtu fulani wa ng’ambo aliiandika akaigawa bure, kisha akaiacha. Ilifanya kazi nusu nusu. Ilikata mstari wa chini, na karatasi nyingine ilizitafuna.

Sasa, kuna kundi la watu wa nchi nyingi, wengine hawajawahi kuonana, ambao wanakusanya programu za namna hiyo, kila moja wanaifunga kama kifurushi, halafu wanavigawa vyote pamoja kama mfumo mmoja wa kompyuta. Kila kifurushi kina mtunzaji wake na jina lake limeandikwa pale. Kifurushi kisicho na mtunzaji wanakiita yatima. Hilo neno sikuhitaji kuelezwa. Hiki cha printa zetu kilikuwa yatima.

“Data, nataka nikichukue,” aliniambia. Kwa Kiha data ni baba.

“Utapata nini?”

“Jina langu litakaa pale. Popote duniani mtu akikifungua, ataliona. Nikienda kuomba kazi, wakiniuliza umefanya nini, sitaonyesha cheti tu.”

“Watakukubali?”

“Nikikirekebisha kabla hawajafunga mlango wa toleo jipya. Nisipowahi, wanakitoa kabisa.”

Nilimwona macho yake. Tangu arudi kutoka Mwanza sikuwa nimemwona akitaka kitu. Nikamwambia ego, ndiyo, jenereta ni yako, modemu ni yako, kaa ufanye.

Kazi yenyewe ni hivi. Programu ya mtu huingii ndani ukaichokonoa. Unaiacha kama mwenyewe alivyoiacha. Marekebisho yako unayaweka pembeni, kila rekebisho kwenye faili lake, na faili hilo ndilo kiraka. Wakati wa kufunga kifurushi mashine inavibandika viraka juu ya programu, kimoja baada ya kingine, kwa kufuata namba iliyo mwanzoni mwa jina. Namba si urembo. Kiraka cha pili kinabandikwa juu ya mahali kilipopita cha kwanza, kama vile huwezi kupaka rangi ukuta kabla ya lipu. Ukivuruga namba, havishiki.

Hakufanya peke yake. Siku za soko la Nyarugusu, kwenye kambi ya Wakongo, mimi nilikuwa nakwenda na mzigo wa chumvi na sabuni, na pale nilimfahamu kijana Mkongo aliyetengeneza simu. Alikuja kambini akiwa amebebwa mgongoni na mama yake, akakulia humo. Alisaidia pia kwenye chumba cha kompyuta cha shirika moja, na kule walikuwa na printa ndugu na zangu. Nilimtajia shida yetu. Akanitazama kama niliyemtajia ndugu aliyepotea.

“Papa, na ya kwetu inakulaka karatasi! Kila siku inakula. Minafikiri iko na njala.”

Hakuweza kutoka kambini bila kibali, na kibali hakikupatikana kwa jambo la printa. Kwa hiyo mimi nikawa posta. Siku ya soko naondoka na flashi ya binti kwenye mfuko wa shati, narudi na flashi ya Mkongo. Wakaguzi wa geti walikuwa wanatafuta vitu vingine, hawakuhangaika na kidude kama kidole.

Mwanzoni majina yaliwatesa. Huyu analeta faili “kiraka-kipya”, na yule analo lake “kiraka-kipya”. Ikaja “kiraka-kipya-cha-kweli”. Ikaja “kiraka-cha-mwisho”, na baada yake “kiraka-cha-mwisho-kabisa”. Siku moja flashi ilirudi na cha mwisho kingine, binti akakiweka juu ya kile cha kwake bila kujua, na kazi yake ikafutika. Alilia hapo hapo dukani, na mteja amesimama anasubiri kopi.

Mimi ndiye niliyewatatulia. Nikamwambia, sisi Waha watoto wengi tunawatofautishaje? Mtoto akizaliwa unatazama siku hiyo kuna nini nyumbani. Kuna njaa, kuna msiba, kuna ugomvi na jirani, jina linatoka hapo. Jina langu mimi ni malalamiko ya baba yangu dhidi ya shemeji yake, na mpaka leo wazee wa Kitahana wakiniita wanajua ugomvi ulikuwa wa nini. Tena kuna majina ya zamu. Wa saba ana jina lake la usaba, wa nane lake. Binti mwenyewe ni wa saba, na jina hilo analo, ingawa walio hai sio saba. Waliokufa hatuwaruki. Zamu yao ni yao.

“Basi namba mpe kwa zamu ya kuzaliwa hapa mezani kwangu,” nilisema, “na jina mpe la siku. Siku mbili hazifanani.”

Alicheka, kisha akaacha kucheka akafikiri. Mkongo alipoambiwa alifurahi zaidi. “Njo vile na kwetu, papa. Mutoto wa vita banamuita Vita.”

Tangu hapo hawakugongana tena. Kulikuwa na 03-mvua-ya-mawe, cha binti, siku ambayo bati la choo lilitobolewa. Kulikuwa na 05-petroli-hakuna. 06-jirani-kacheka, huyo unamjua. Vya Mkongo vilikuja na mambo ya kambini: 04-mgao-umechelewa, 07-mama-ana-malaria, 09-kibali-wamekataa. Cha nane kilivunja kila kitu, wakakifuta, na nafasi yake wakaiacha wazi, kama nilivyowafundisha. Ukiyasoma majina yale kwa mpangilio ulikuwa unasoma mwaka wetu. Na printa iliacha kutafuna. Watu walitoka Murungu huko kuja kuchapa kadi za harusi kwangu, kwa sababu kwingine zilitoka zimekatwa chini.

Mwishoni mwa 2014 binti alituma kifurushi kwa wale watu wakikague. Tulisubiri. Jibu lilikuja asubuhi, akanisomea huku akitafsiri. Mkaguzi alikuwa mstaarabu. Alishukuru kwa kazi. Alisema amekijaribu na kinafunga vizuri. Kisha akasema majina ya viraka hayafuati utaratibu. Jina la kiraka liseme kinarekebisha nini. Namba zisiwe na pengo. Na juu ya kila faili yawepo maneno machache ya kueleza kwa nini rekebisho lilihitajika, ili mtu mwingine akija kukitunza kesho aelewe. Mlango utafungwa baada ya wiki chache, kwa hiyo afanye haraka.

“Liseme kinarekebisha nini?” nikauliza. “Mwulize kwao paka anaitwa Mkamata-Panya?”

“Data, hizi si paka.”

“Yeye mwenyewe anaitwaje? Jina lake linasema anafanya kazi gani?”

“Data.”

“Muulize tu!”

Hakumuuliza. Alianza kubadilisha vya kwake. Mvua ya mawe ikawa maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba mstari wa chini usikatwe. Petroli ikawa jambo la ukubwa wa karatasi. Pengo la nane akalifunga, wa tisa akasogezwa kukaa pale. Nilimwangalia akifanya hivyo nikatoka nje kukaa juani. Mpaka leo nasema utaratibu wetu ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kwa watu wawili wanaofahamiana, na mzee mmoja anayebeba flashi.

Kisha akafika kwenye viraka vya Mkongo, akakwama.

“Njoo uone, Data. Hapa palikuwa na thelathini na mbili. Yeye kaweka arobaini. Basi, hajafanya kingine.”

“Kinafanya kazi?”

“Kinafanya. Ila kwa nini arobaini? Hajaandika.”

“Kitoe uone.”

Alikitoa. Printa ikatafuna karatasi mbele yetu. Akakirudisha, ikaacha.

“Umeshajua sasa. Andika kinazuia kutafuna.”

“Hicho ndiyo. Na hiki?” Alinionyesha 09-kibali-wamekataa, ambacho sasa kilikuwa cha nane. “Nikizima mistari yake, hapa kwetu hakuna kinachobadilika. Labda ni kwa printa ya kambini. Labda kinaziba hatari ambayo mimi siioni. Na hiki cha malaria, vivyo hivyo.”

“Buni.”

“Nikibuni na wakaja kugundua, ndiyo mwisho wangu kule.”

“Basi vitupe hivyo viwili.”

“Vyangu vya baadaye vimekaa juu yavyo. Nikivitoa, vyangu havishiki.”

Mimi nilikumbuka siku tu. Nilikumbuka alivyonipa flashi ya malaria, mkono wake unanuka dawa, akasema mama yake amezidiwa. Siku ya kibali nilikumbuka vizuri zaidi, kwa sababu alitukana kwa Kifaransa, kisha akaniomba pardon. Lakini alichoandika ndani ya faili siku hizo mimi sikuweza kukijua, na binti hakuwahi kumuuliza. Jina lilikuwa linatutosha. Tulipoliona tulijua ni kipi, na tulidhani kujua ni kipi ndiyo kujua ni nini.

Simu yake haikupatikana. Siku ya soko tukaenda wote wawili, mimi na binti, tukafika kwenye kibanda chake. Kilikuwa na mtu mwingine anayeuza ndala. Mama muuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliyekaa jirani akatutambua.

“Papa, uko natafuta ule wa matelefone? Alishaendaka.”

“Wapi?”

“Amerika! Bisi ilibabeba juzi, yeye na mama yake. Balibaita gafula, dossier yabo ya kuhamia kule ilitokea.”

“Hakuacha ujumbe?”

“Aliacha nini? Alitupigia mukono tu. Na mimi aliniachia ndoo.”

Binti aliitazama ile ndoo kana kwamba ingeweza kusema. Mimi sikumlaumu kijana. Mtu aliyeshinda utoto wake wote anasubiri aitwe, siku akiitwa hatakumbuka printa. Tulirudi Kasulu juu ya magunia ya mihogo ya watu.

Binti alimwandikia Mkongo barua pepe. Kimya. Alimwandikia mkaguzi akaomba muda, akaeleza kwamba mwenzake amehamishwa kutoka kambini na kwamba huyo mwenzake ndiye mwenye maelezo. Mkaguzi akajibu kwa upole uleule. Alisema anasikitika sana kusikia hayo, ila mlango ni mmoja kwa wote. Akashauri ajaribu kuanza upya viraka vile viwili kwa mkono wake. Alijaribu. Nilimnunulia mafuta ya jenereta akajaribu. Alivitoa, akasogeza vya kwake, vikakataa. Akaviandika upya vya kwake, printa ikaanza tena kutafuna. Siku mlango ulipofungwa alikuwa amekaa na rundo la karatasi zilizoliwa pembeni, amezipanga vizuri kama za mtihani.

Baada ya muda akanionyesha ukurasa. Pale penye jina la kifurushi paliandikwa kimeondolewa. Sababu: hakina mtunzaji, na viraka havina maelezo.

“Hawakuandika jina lako?”

“Oya, hapana, Data. Sikuwahi kuwa mtunzaji.”

Jirani wa vitenge alipata habari, sijui kutoka kwa nani. Nilijiandaa kwa kicheko chake. Alikuja, akasimama mlangoni, akasema, “Pole, mzee,” akaenda zake. Afadhali angecheka.

Mwaka 2015, Warundi walipoanza kuingia tena kwa wingi na malori yakapita Kasulu kutwa, ndipo jibu la Mkongo lilipofika. Lilikuwa limeandikwa kwenye simu. Alisema anafanya kazi mahali wanapokata kuku, baridi ni ya ndani na ya nje, mama yake hajambo. Alisema ameona barua zote pamoja siku moja, kwa sababu neno la siri lilikuwa limempotea. Kuhusu viraka, binti alinisomea kama alivyoandika:

“Dada, ile siku ya kibali minakumbuka yote. Minakumbuka ule mutu wa ofisi, na kalamu yake. Lakini ile nilifanya ndani ya ile fichier ya kiraka, minasahau. Na ile ya malaria vile vile. Nisamehe. Uniambie papa jambo.”

“Amekusalimu,” binti akasema.

“Nimesikia. Mwandikie yule mkaguzi.”

“Nimwandikie nini?”

Nilitaka kusema mwambie mtu amekumbuka kalamu, si jambo dogo. Nikaona upuuzi. Aliifunga ile barua bila kuijibu siku hiyo, na sijui kama aliijibu baadaye.

Kompyuta iliyokuwa na viraka vyetu ndani yake iliungua ubao wake mvua zilipoanza. Tulinunua nyingine yenye toleo jipya, na katika toleo jipya kifurushi hakikuwemo. Binti alisema anaweza kukifunga mwenyewe kwa ajili yetu tu, nyumbani. Nilimwambia afanye. Alisema atafanya. Sikumsukuma zaidi, na yeye hakukigusa. Printa mbili nilimpa fundi azichune vyuma, ya tatu inashikilia mlango wa stoo.

Fremu ya Kibondo nilikuwa nayo bado, kwa hiyo akahamia huko na mashine ndogo ya kopi na ya kupiga picha za pasipoti. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona nilimkuta anakata picha kwa mkasi. Aliingia mwalimu mmoja wa shule ya hapo, kompyuta kwapani, anahangaika.

“Dada, samahani, hii imekataa kuwaka. Wewe unajua kompyuta?”

“Kidogo,” akasema, bila kuinua macho.

Mimi nilikuwa nimekaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa. Maneno yalinijaa mdomoni, ya ile kazi yote, ya watu wa nchi zile zote. Yule mwalimu akanigeukia, akanisalimu shikamoo. Nikamwitikia marahaba.